Uwanja mpya wa klabu: namna ya kubishana kijiweni bila kuumbuka

Klabu yangu siitaji. Nikiitaja, nusu yenu mtaacha kusoma hapa hapa na nusu nyingine mtakubali kila nitakachosema, na hakuna kati ya hayo ninachokitaka. Mjue tu kwamba nina kadi ya uanachama, nina miaka 22 kwenye kazi ya ujenzi, kumi ya mwisho nikiwa fomeni, na jioni nakaa kijiwe cha kahawa Tandika, ambako mwaka haupiti bila mtu kuleta simu yenye video ya uwanja wetu mpya.

Video yenyewe unaijua. Kamera inashuka toka mawinguni, majukwaa yanang'aa, paa linajifungua lenyewe, watu wasio na sura wanatembea wamebeba mifuko ya dukani. Safari ya mwisho aliyeileta ni dogo wa bodaboda. "Fundi, umeona mambo?" Nikamwuliza maji ya mvua yanakwenda wapi. Akasema nina roho mbaya.

Sikuwa na roho mbaya. Ubishi wa uwanja uanze ardhini, usianze kwenye picha. Picha ni sehemu rahisi kuliko zote; kijana mwenye kompyuta nzuri anakuchorea hata paa la dhahabu. Wewe uliza hati ya kiwanja ina jina la nani: klabu, baraza la wadhamini, kampuni, au mheshimiwa fulani "anayetushikia"? Kisha uliza ekari ngapi. Sehemu ya kuchezea peke yake ni mita 105 kwa 68. Pigeni hesabu: hapo ekari moja na robo tatu zimeisha na bado hujaweka kiti, choo, maegesho wala njia ya gari la zimamoto. Mtu akikwambia tuna ekari tatu na tutaingiza watu elfu thelathini, mnunulie kahawa, mpe pole.

Halafu uliza kiwanja kiko juu au bondeni. Wakazi wa Dar hatuhitaji somo hapa. Uwanja wa Kaunda pale Jangwani, wenye jina la rais wa kwanza wa Zambia, umekaa kwenye bonde la Mto Msimbazi, na masika yakikolea mto hauulizi kadi ya uanachama. Kujenga bondeni kunawezekana, sikatai. Ila fedha nyingi zitamezwa na kifusi, nguzo za chini na mitaro kabla shabiki hajaona ukuta hata mmoja, na hicho ndicho kipindi ambacho mashabiki huanza kusema viongozi wamekula. Kama ulishawahi kujenga hata nyumba ya vyumba viwili Kivule unajua: msingi unamaliza hela, na mgeni akija anakuuliza mbona hujaanza.

Ukishamaliza ardhi, nenda kwenye gharama. Nawafundisha ujanja mmoja tu: gawanya gharama kwa idadi ya viti. Uwanja wa Benjamin Mkapa, ule wa watu 60,000 uliofunguliwa 2007, ulitajwa kugharimu dola milioni 56 hivi. Gawanya, unapata kama dola 930 kwa kiti, kwa bei za miaka ile. Sasa mtu akija na uwanja wa viti 30,000 kwa shilingi bilioni kumi, gawanya pia: laki tatu na elfu thelathini na tatu kwa kiti. Ndani ya hela hiyo kuna nondo, zege, taa, nyasi, vyoo, vyumba vya wachezaji na posho ya kikao. Hapo ama viti vimezidishwa, ama gharama imefichwa, ama tunajengewa ukuta na geti. Na ukuta na geti si vibaya, mradi tuambiwe hivyo. Azam walikwenda Chamazi wakajenga wa watu kama 10,000, na wakubwa wa Kariakoo, Simba na Yanga, wamekwenda kuutumia kwa mechi zao. Mimi uwanja mdogo uliokwisha naupenda kuliko mkubwa wa kwenye simu.

Sasa penye vurugu zaidi: udhamini. Vijiweni tunayachanganya maneno, na viongozi wanalijua hilo, wanalitumia. Mfadhili ni anayetoa kwa mapenzi yake. Leo yupo, kesho amenuna. Mdhamini ananunua tangazo. Anataka jina lake lionekane, na mkataba ukiisha anaondoka na haachi hata tofali. Mwekezaji ananunua sehemu ya klabu, ndiyo maana tulibishana miaka na miaka juu ya zile asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji. Mkopeshaji anataka chake na riba. Kwa hiyo ukisikia "kampuni fulani itatujengea uwanja", usipige vigelegele wala usibeze. Uliza kwanza anakuja kwa kofia ipi. Mdhamini akijenga, anatangaza nini na kwa muda gani? Mwekezaji akijenga, uwanja utakuwa wa klabu au wake, sisi tupange? Na neno linalotupiga chenga kuliko yote ni hilo hilo wadhamini, kwa sababu wazee wa baraza wanaoshika mali ya klabu nao ni wadhamini. Nimeshuhudia watu wawili wakikaribia kushikana mashati, kumbe mmoja anasema wa jezi, mwingine wa baraza.

Kiasi kikitajwa, gawanya kwa miaka. Mwaka 2022 Yanga walisaini na SportPesa, kampuni ya kubeti, bilioni 12 na kitu, siku chache baadaye Simba wakasaini na M-Bet, wa kubeti pia, bilioni 26 na kitu. Kijiweni kwetu upande mmoja ulilala na furaha: mara mbili! Asubuhi fundi cherehani mmoja mzee, ambaye mpira wenyewe hautazami, akauliza, "Kwa miaka mingapi, wanangu?" Wa kwanza mitatu, wa pili mitano. Ikawa bilioni nne na ushei kwa mwaka dhidi ya tano na ushei. Tofauti ipo, ila si ile ya kumnyima mtu usingizi. Mzee akarudi kwenye cherehani yake.

Na uliza fungu hilo limebeba nini. Arsenal walipotangaza pauni milioni 100 za shirika la ndege la Emirates mwaka 2004, lilikuwa fungu la jina la uwanja kwa miaka 15 pamoja na kifua cha jezi kwa miaka minane. Uwanja wenyewe ulifunguliwa 2006 kwa gharama ya pauni milioni 390 hivi. Jina peke yake halikujenga. Kulikuwa na mikopo, na Highbury, uwanja wao wa zamani, ikageuzwa nyumba za kuishi. Wana Arsenal wa Tandika msinitazame vibaya, mnaijua wenyewe ile miaka tisa bila kombe, 2005 hadi 2014. Deni halikuwa sababu pekee, lakini lilikuwa limeketi mezani kila dirisha la usajili.

Kwenye jina nina wasiwasi wangu. Anayenunua jina la uwanja ananunua midomo yetu. Uwanja wa Uhuru tukauita Shamba la Bibi. Ule mkubwa jirani yake tunasema Kwa Mkapa, na wapo wanaosema Lupaso, kijijini kwao Mkapa. Mdhamini akiweka jina la maneno manne, sisi tutauita kwa jina la mtaa, au la muuza supu wa getini. Hata Ulaya, Allianz Arena ya Munich, yenye jina la kampuni ya bima, kwenye Ligi ya Mabingwa huitwa jina jingine, kwa sababu UEFA, wasimamizi wa soka la Ulaya, wana wadhamini wao. Kwa hiyo kiongozi akisema jina litatulipia uwanja mzima, mwulize kama mdhamini amewahi kukaa kijiweni.

Haya yote uyaulize kwa adabu. Mkutano wa tawi una wazee waliochangia klabu kabla hujazaliwa. Anza na shikamoo, mwache mzee amalize hata akirudi mpaka enzi za magoli ya mbao, kisha ndiyo useme lako. Usiseme "mmekula". Sema "naomba kuuliza, mzee wangu, mkandarasi ameshapatikana?" Ni swali lile lile, ila hili linajibiwa.

La mwisho ni nauli tu. Jiwe la msingi likishawekwa na kitambaa kikishavutwa, subiri miezi mitatu, panda boda, nenda kwenye eneo. Tafuta bango la mradi: lazima lionyeshe mwenye mradi, mkandarasi na mshauri. Tazama kama kuna mchanga, kokoto, choo cha mafundi. Pasipo na choo cha mafundi hapana kazi. Mlinzi akikufukuza, furahi, kuna mtu anamlipa. Mimi nilipokwenda kwenye eneo la klabu yetu nilikuta mbuzi watatu na jiwe la msingi, na mmoja wa mbuzi alikuwa amelipanda, ametulia kabisa, kama mgeni rasmi.