Kabla ya kuilaumu programu, chungulia pakiti

Programu yako ikishindwa kufikia hifadhidata ya Postgres, na logi (kumbukumbu za matukio) zikisema tu "imeshindwa kuunganisha", usikimbilie kuwasha seva upya. Ingia kwenye seva ya hifadhidata yenyewe uandike: sudo tcpdump -ni any port 5432. tcpdump huonyesha pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni, na 5432 ni poti ya kawaida ya Postgres. Hiyo n usiisahau, la sivyo kila anwani itatafutiwa jina, na kama DNS (huduma ya kutafuta majina ya anwani) ndiyo mgonjwa, utasubiri sana. Kisha jaribu kuunganisha tena. SYN, yaani pakiti za kuomba muunganisho, zinaingia bila kujibiwa? Mshuku fayawoli (mlinzi anayechuja pakiti) wa seva hiyo hiyo, kwani tcpdump huziona pakiti kabla fayawoli hajazimeza. RST (pakiti ya kukataa muunganisho) ikirudi papo hapo, mara nyingi hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo. Kimya kabisa? Pakiti zimekwama njiani. Mimi niliwahi kukesha nikisoma logi za Postgres, kumbe pakiti hazikufika hata mlangoni.