Somo: Ramani na menyu ya gemu ya kifantasia ndani ya Godot 4

Wengi huniomba kile kiramani cha duara kinachokaa kwenye kona ya skrini. Mimi sikiweki. Mchezaji akishakizoea hatazami kingine, na msitu uliokesha ukiuchora anaupita kama haupo. Gemu ya Elden Ring (2022) haina kiramani hicho: ina dira juu ya skrini, na ramani kubwa unaifungua mwenyewe, vipande vyake ukiviokota kwenye nguzo za mawe njiani. Tutafuata njia hiyo ndani ya Godot 4, programu ya kutengenezea gemu, ambayo hujenga kila kitu kwa vipande viitwavyo nodi.

1. Ongeza nodi ya CanvasLayer (tabaka linalokaa juu ya dunia ya gemu), ndani yake Control (nodi ya msingi ya menyu). Ukiiruka, kamera ikisogea menyu nayo inaachwa nyuma.

2. Ndani ya Control weka TabContainer, nodi ya kurasa zenye vichupo. Kila nodi ya aina ya Control utakayoitia humo inakuwa ukurasa wenye jina lake: Ramani, Mkoba, Kazi.

3. Kitufe cha M kionyeshe menyu na kuandika get_tree().paused = true, amri ya kusimamisha gemu. Hapa ndipo penye mtego. Dunia inasimama, menyu nayo inaganda, haifungiki tena. Mimi ilinilia jioni nzima. Dawa: kwenye ile Control, badilisha Process Mode iwe Always.

4. Alama ya mchezaji ni hesabu ya kugawanya tu. Dunia ya 8000 kwa 6000 kwenye picha ya 800 kwa 600, gawa kwa 10: aliyesimama 3200, 1500 anachorwa 320, 150.

5. Menyu ikifunguka, kitufe cha kwanza kiitiwe grab_focus(), amri ya kukifanya kiwe kimechaguliwa tayari, la sivyo mwenye pedi atabonyeza mpaka achoke.

MASWALI

Swali: Mkuu, alama yangu inatokea nje ya karatasi kabisa.
Jibu: Dunia yako haianzii sifuri. Toa kwanza namba za pembe yake ya juu kushoto, ndipo ugawanye.

Swali: Mbona Elden Ring haisimami ukifungua menyu?
Jibu: Wamekusudia, adui anakukuta unapekua mkoba. Ukiipenda karaha hiyo, futa mstari wa paused, ila menyu isifunike skrini yote.

Swali: Nimegeuza "Save" kuwa "Hifadhi", maandishi yamevuka kitufe na kugonga cha jirani. Nipunguze herufi?
Jibu: Usipunguze, ndugu yangu, wa simu hatasoma. Vitufe vitie ndani ya HBoxContainer, nodi inayopanga vitu kwa safu ya mlalo, vitajitanua vyenyewe. Kisha jaribu na "Mipangilio", hilo ndilo refu kuliko yote kwenye menyu yangu.