Jinsi ya kumtambua na kumtazama mkunga mkubwa mwambani

Mkunga mkubwa, samaki mwenye umbo la nyoka ambaye wanasayansi humwita Gymnothorax javanicus, hufikia mita 3 na kilo 30. Hata hivyo, usimtambue kwa ukubwa. Mara nyingi utaona kichwa tu kimechomoza tunduni, na miwani ya kuzamia hukuza kila kitu kwa takriban theluthi moja.

Anza na ubavu, nyuma ya kichwa. Hapo pana tundu dogo la matamvua, na kwa mkunga huyu limezungukwa na baka jeusi. Kisha tazama mgongo: rangi ni ya kahawia, na kuanzia kisogoni madoa meusi huenea kama ya chui. Mkunga mchanga ana rangi hafifu zaidi na madoa makubwa meusi. Baka peke yake halitoshi, kwa sababu mkunga mwenye ukingo wa manjano naye analo. Huyo mtambue kwa pezi, ambalo pembeni lina mstari wa manjano ya kijani, hasa kuelekea mkiani. Ukiona madoa meusi makubwa yaliyobanana juu ya ngozi nyeupe, huyo ni aina nyingine kabisa.

Wengi humdhania nyoka wa baharini. Nyoka ana magamba, mkia bapa kama kasia, na lazima apande juu kuvuta hewa. Mkunga hana magamba bali ute, hana mapezi ya ubavuni, na pezi la mgongoni humfuata hadi ncha ya mkia.

Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki, kwenye miamba ya matumbawe hadi kina cha mita 50 hivi. Mchana kagua nyufa, mapango madogo na chini ya matumbawe yaliyojitokeza kama dari. Kamba wadogo na samaki wasafishaji wakiwa wamekusanyika kwenye mlango wa tundu, subiri hapo, kwani huenda wana mteja ndani.

Ukimpata, simama umbali wa mita 2 na utazame mdomo. Unafunguka na kufumba polepole, meno yote nje, na hapo ndipo watu hutishika bure. Anapumua: anasukuma maji yapite kwenye matamvua. Rudi nyuma pale mdomo unapoachama sana na kubaki wazi, au kichwa kinapokufuata kila unaposogea. Usimzibie njia ya kutokea.

Usimlishe kamwe, wala usiingize mkono tunduni kutafuta pweza au kamba. Macho yake ni dhaifu na hutegemea harufu, hivyo kidole kinachonuka samaki kwake ni samaki. Meno yamepinda kuelekea nyuma, na kooni mna taya za pili zinazosogea mbele kukivuta chakula. Watafiti Rita Mehta na Peter Wainwright walilionyesha hilo mwaka 2007 kwa mkunga wa aina nyingine. Kwa hiyo anayekurupuka kuuvuta mkono huchanika zaidi. Jeraha lioshwe kwa maji safi, likandamizwe kuzuia damu, kisha hospitali, kwani huoza kwa urahisi.

Kwa kawaida huwinda usiku. Lakini katika Bahari ya Shamu, chewa humfuata mchana na kutikisa kichwa kwa kasi mbele ya tundu lake, kumwita. Mkunga hupenya nyufani, chewa hungoja nje, na samaki anayemkimbia mmoja hukutana na mwingine. Ukiliona tukio hilo, tulia kabisa, ukiwasogelea watatawanyika.

Asiliwe. Sumu inayotokana na mwani mdogo sana wa mwambani hujilimbikiza mwilini mwake kadiri anavyokula samaki wengine, na kupika au kugandisha hakuiondoi. Huleta kutapika, ganzi ya midomo, na hali ya kuhisi kitu baridi kama kinachoma.