Namna ya Kuendesha Warsha za Maigizo kwa Watoto Ugenini: Mwongozo kwa Wanafunzi Wanaojitolea

Mwongozo huu ni kwa kikundi cha wanafunzi, tuseme sita au wanane, wanaokusudia kwenda nchi nyingine kwa wiki chache ili kuendesha warsha za maigizo kwa watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Nimeifanya kazi hii nikiwa mwezeshaji, na baadaye nikiwa mkufunzi wa wanaojitolea, na jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni kwamba mipango ianzie kwenye siku ya kuondoka. Mgeni wa wiki tatu hawezi kuwa mlezi wa mtoto wala mwalimu wake. Anachoweza ni kumwachia mtu wa mahali pale mbinu zitakazotumika baada yake. Hatua zinazofuata zote zimejengwa juu ya hoja hiyo.

Hatua ya kwanza: mtafuteni mwenyeji kabla ya kutafuta tiketi

Mwenyeji anayefaa ni shule, kituo cha vijana au asasi ya mtaani ambayo tayari ina watoto, ina ratiba, na ina angalau mtu mzima mmoja aliye tayari kushiriki kila kipindi tangu mwanzo hadi mwisho. Huyo nitamwita mwalimu mwenyeji, na yeye ndiye mwanafunzi wenu wa kwanza. Asasi ikiwaambia kwamba walimu wake watapata nafasi ya kupumzika mkiwa na watoto, ombeni mazungumzo mengine, na yasipozaa matunda tafuteni mwenyeji mwingine.

Epukeni vituo vya kulelea yatima vinavyopokea wageni mfululizo. Watoto wengi wanaoishi katika vituo vya aina hiyo duniani wana mzazi au ndugu aliye hai, na fedha zinazoletwa na wageni zimekuwa kishawishi cha kuwatenganisha na familia zao. Ndiyo sababu Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake la mwaka 2019 kuhusu haki za mtoto, lilizitaka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara yanayotokana na programu za kujitolea katika vituo hivyo. Fanyeni warsha mahali ambapo mtoto akimaliza kucheza anarudi kwao.

Hatua ya pili: andikeni kanuni za ulinzi wa mtoto na kuzitia saini

Kila anayesafiri awe na cheti cha polisi kinachoonyesha kwamba hana rekodi ya uhalifu, na mwenyeji akione cheti hicho. Kusiwe na mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Idhini ya mzazi au mlezi ipatikane kwa maandishi katika lugha anayoielewa, nayo idhini ya mtoto iulizwe upya kila siku, kwa sababu mtoto aliyetaka kucheza jana anaweza leo akataka kukaa pembeni na kutazama tu, na hiyo ni haki yake. Picha zipigwe na mwenyeji, kwa simu au kamera ya mwenyeji, na abaki nazo yeye. Najua kanuni hii ya mwisho huwaudhi wanafunzi kuliko nyingine zote, lakini sijawahi kuona sababu ya kuilegeza.

Jueni pia, kabla ya kipindi cha kwanza, ni nani anayepokea taarifa mtoto akisema kwamba anaumizwa. Kazi yenu itakuwa kusikiliza, kutoahidi kutunza siri, kutouliza maswali ya upelelezi, na kumfikishia mhusika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, siku ileile.

Hatua ya tatu: mwingizeni mkalimani ndani ya duara

Mkalimani anayesimama kando na kutafsiri sentensi moja baada ya nyingine huua mchezo. Mpeni maelezo ya michezo yote siku moja kabla, muicheze pamoja naye, kisha mwacheni aieleze kwa maneno yake. Mara nyingi mwalimu mwenyeji anaifanya kazi hii vizuri kuliko mtu aliyeajiriwa, na akishaieleza michezo kwa siku kadhaa huwa ameijua kiasi cha kuiongoza.

Lugha isiwatie hofu kupita kiasi. Mmarekani Viola Spolin aliikuza michezo yake mingi ya maigizo akifanya kazi na watoto wa familia za wahamiaji mjini Chicago, watoto waliotoka katika lugha na malezi tofauti, na ndiyo maana mingi kati yake huanza na mwili na macho kabla ya maneno. Kanuni yake ya kuupa kila mchezo jambo moja tu la kuzingatia inafaa sana hapa: watoto wavute kamba isiyoonekana, na wote wahakikishe kwamba kamba hiyo haikatiki wala hairefuki. Agizo linalohitaji sentensi nne halitafika.

Hatua ya nne: gaweni muda wa kipindi

Dakika 75 zinatosha kwa watoto wa miaka 8 hadi 12, na kikundi kisizidi watoto 20 au 25. Anzeni katika duara kwa mchezo wa majina, kisha kupasha mwili moto kwa dakika 10 hivi, kisha waombeni watoto wawafundishe mchezo mmoja wa kwao. Ombi hilo hugeuza mambo yote, kwa kuwa mgeni anakosea mbele ya watoto na wao wanamsahihisha. Sehemu kubwa ya kipindi iwe ya kutengeneza maigizo, na dakika 10 za mwisho ziwe za kufunga.

Kuna mchezo unaopendwa na wanafunzi wa sanaa, wa kujiachia kuanguka kinyumenyume ili wenzako wakudake. Mimi siuruhusu, kama nisivyoruhusu michezo ya kufunga macho katika siku za mwanzo. Mtoto aliyewahi kuumizwa na watu wazima hapaswi kudaiwa imani na mtu aliyemfahamu juzi.

Hatua ya tano: tokeni kwenye sanamu hadi kwenye igizo

Hapa ndipo penye kiini cha kazi, kwa hiyo nendeni polepole. Wagaweni watoto katika vikundi vya wanne au watano, na kila kikundi kitengeneze kwa miili yao sanamu isiyosogea, kwa mfano ya watu wanaongojea kitu ambacho hakiji. Wengine waitazame na kusema wanachokiona, na waliosimama wasieleze chochote hadi watazamaji wamalize. Kisha mwezeshaji amguse bega mmoja wao, kama mwenyewe ameridhia kuguswa, naye atamke sentensi moja ambayo mtu yule anaifikiria. Baada ya hapo sanamu iruhusiwe kusogea kwa hesabu ya kumi, kisha igande tena. Kwa hatua hizo tatu tayari mna mwanzo wa tukio, wazo na badiliko, ambavyo ndivyo igizo linavyovihitaji.

Siku za baadaye, kwa watoto wakubwa kidogo, mnaweza kujaribu maigizo shirikishi ya Augusto Boal, Mbrazili aliyeiendeleza mbinu hii katika miaka ya 1970. Igizo fupi huchezwa hadi mwisho wake mbaya: tuseme msichana ananyimwa zamu ya kuteka maji na watu wenye nguvu kumzidi. Kisha huchezwa tena tangu mwanzo, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti, "Simama!", akaingia na kuchukua nafasi ya msichana ili ajaribu njia nyingine. Mwezeshaji hatoi hukumu juu ya jaribio lolote. Anawauliza watazamaji tu kama jambo hilo lingewezekana kweli. Anayebadilishwa ni anayeonewa, si mwonevu, kwa sababu kumgeuza mwonevu awe mwema ghafla hakumfundishi mtu yeyote la kufanya.

Tahadhari moja ni ya lazima. Msiwaombe watoto waigize maisha yao wenyewe. Wanafunzi huvutiwa na visa vya kweli na huamini kwamba kuvitoa kunaponya, lakini tiba kwa njia ya maigizo ni taaluma yenye wataalamu wake, na ninyi hamtakuwapo mtoto atakapoanza kuota usiku yale aliyoyaamsha mchana. Tumieni ufalme wa kubuni, mnyama aliyefukuzwa kundini, au meli iliyopoteza nahodha. Mwingereza Dorothy Heathcote aliwaonyesha walimu namna ya kuingia wenyewe ndani ya uhusika, na mbinu hiyo inasaidia sana: mwezeshaji akija kama mjumbe aliyechoka anayewaomba wanakijiji ushauri, watoto huwa ndio wenye maarifa, na watasema mengi kuhusu uonevu bila yeyote kulazimika kusema "mimi".

Kila kipindi kifungwe kwa kuvua uhusika. Mtoto ajipukute mikono na miguu, ataje jina lake mwenyewe, kisha ataje kitu kimoja anachokiona chumbani. Hatua hii huchukua dakika mbili na ndiyo inayorukwa zaidi muda unapobana, hasa na wawezeshaji wapya.

Hatua ya sita: mkabidhini mwalimu mwenyeji uongozi mapema

Katika theluthi ya kwanza ya safari ongozeni ninyi huku mwalimu akicheza. Katika theluthi ya pili aongoze mchezo wa kuanzia na wa kufungia. Katika theluthi ya mwisho aongoze kipindi kizima, nanyi mcheze katika duara pamoja na watoto. Mwachieni daftari la michezo iliyokubalika, limeandikwa kwa lugha yake na kwa vifaa alivyonavyo, maana mchezo unaohitaji spika na taa hautarudiwa.

Onyesho la mwisho liwe dogo, kwa wazazi na majirani, na watoto wachague wenyewe watakachoonyesha. Tarehe ya kuondoka itajwe tangu siku ya kwanza na irudiwe kila wiki. Msitoe zawadi kwa mtoto mmoja mmoja, msigawe namba za simu, na msiahidi kurudi. Salamu na barua, zikiwapo, zipitie kwa mwenyeji, naye akubaliane nanyi kabla hamjaondoka ni nani kati yenu atakayejibu na kwa muda gani. Kabla ya siku ya onyesho, mwalimu mwenyeji awe amekwisha kutangaza siku na saa ya kipindi kitakachofuata, ambacho kitafanyika bila ninyi.