Usijibu "sihitaji msaada" kama unauhitaji
Mdogo wangu unayeomba shahada ya kwanza Marekani, kwenye fomu utakuta swali: utaomba msaada wa fedha? Kama nyumbani hamna uwezo, jibu ndiyo tangu siku ya kwanza. Wengi hujibu hapana wakidhani watapokelewa kirahisi, wataomba wakishafika. Vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi wa kigeni kuomba baadaye. Unabaki na barua ya kukubaliwa mkononi, na bila kuonyesha fedha hupewi I-20, fomu ya chuo ya kuombea viza. Inauma sana.

Ni kweli vyuo vingi hupima mfuko wako kabla ya kukupokea. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawapimi, na ukipita wanafidia pengo lote wanalokokotoa kati ya gharama na uwezo wa familia yako, ingawa ushindani ni mkali mno.

FAFSA, fomu ya msaada wa serikali ya Marekani, si yako. Mara nyingi utajaza CSS Profile, fomu ya mtandaoni ambayo vyuo hutumia kupima hali ya fedha ya familia. Ada yake ikikushinda, iandikie ofisi ya misaada ya chuo uulize njia nyingine. Mama anauza vitenge sokoni, hana hati ya mshahara? Piga picha daftari lake la mauzo, kurasa za miezi mitatu, tafsiri kwa Kiingereza, ambatanisha na barua fupi ya maelezo.