Mishipa ya umio iliyovimba: kuitambua na kuitibu

Mgonjwa wa pembezoni mwa Ziwa Victoria akitapika damu bila maumivu, au akipata choo cheusi kama lami, usikimbilie kusema ni vidonda vya tumbo. Papasa chini ya mbavu za kushoto: wengu ukiwa mkubwa, fikiria kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo huacha makovu kwenye ini, damu ikakosa njia, ikajaa kwenye mishipa ya umio. Altrasaundi huonyesha makovu hayo na mshipa unaoingia kwenye ini ukiwa umetanuka kupita milimita 13, lakini kinachothibitisha ni endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye umio.

Damu ikitoka, mlaze mgonjwa ubavu, weka kanula (vijibomba vya mshipani) 2 kubwa. Ongeza damu mpaka hemoglobini ifike gramu 7 au 8 kwa desilita tu. Hapa ndipo wengi hukosea: ukizidisha, shinikizo hupanda na mshipa hupasuka tena. Oktreotidi, dawa ya kushusha shinikizo hilo, ikiwepo, mpe mshipani mikrogramu 50 kwa mpigo, kisha dripu ya 50 kwa saa. Mwenye ini lililosinyaa huongezewa seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, gramu 1 kwa siku. Akitulia, afungwe mishipa kwa vipira kupitia endoskopi ndani ya saa 12. Hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka mishipa iishe.

Baadaye, ili damu isitoke tena, propranololi miligramu 20 mara 2 kwa siku, ikipandishwa polepole hadi mapigo ya moyo yawe 55–60 kwa dakika. Mwenye pumu asipewe. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo, makovu haiyafuti. Aspirini na diklofenaki, marufuku.