SOMO: Jinsi ya kuzuia ukungu na sumukuvu kwenye mahindi baada ya kuvuna

Wakuu habari za muda huu. Naona watu wanahangaika na dumuzi na panya tu, ila ukungu wanauchukulia kawaida, punje ikiota ukijani wanapepeta wanasaga maisha yanaendelea. Jamani hii kitu inaua. Kenya mwaka 2004 waliugua watu 317 na 125 wakafariki, chanzo mahindi.

Tuelewane kwanza: ukungu ni fangasi, sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na baadhi ya hao fangasi. Wa kuogopwa zaidi ni Aspergillus flavus, huyu ndo anatoa aflatoksini, na aflatoksini huwezi kuiona wala kuisikia mdomoni. Mahindi yanaweza kuonekana masafi kabisa na sumu imo. Alafu moto wa jikoni hauiwezi, maji yanachemka kwa nyuzi 100 wakati yenyewe inahitaji zaidi ya 200 ndo ianze kuharibika. Kwa hiyo kazi yote ni kuzuia.

HATUA YA 1: Vuna kwa wakati. Chomoa punje ya katikati ya gunzi, angalia pale chini ilipokuwa imeshikilia, ukiona kidoa cheusi basi imekomaa, usiyaache shambani yanyeshewe. Yaliyoanguka chini au yaliyotobolewa na wadudu weka pembeni toka huko huko. Na kama ukame uliyapiga wakati yanajaza punje kuwa makini mara mbili, mara nyingi fangasi anakuwa kashaingia kabla hujavuna.

HATUA YA 2: Kausha. Hapa ndo penyewe, ukifeli hapa hata uwe na ghala zuri namna gani umeumia. Menya maganda, anika kwenye turubai au kichanja, sio kwenye udongo maana fangasi anaishi humo humo kwenye udongo na udongo unarudisha unyevu. Tandaza tabaka jembamba, geuza geuza mchana kutwa, jioni anua kabla umande haujashuka. Lengo unyevu usizidi asilimia 13.5.

Huna kipimo? Tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo KAVU, weka mahindi mpaka kama robo, ongeza kijiko cha chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa dakika kadhaa, iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda uko chini ya 15, ila bado hiyo sio 13.5, mimi nakushauri uongeze jua tena ndo uhifadhi.

HATUA YA 3: Pukuchua taratibu na uchague. Kutwanga magunia kwa fimbo kunapasua punje, na punje iliyopasuka ndo mlango wa fangasi. Toa zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa na vumbi lote. Inachosha lakini hizo punje chache mbovu ndo zinabeba sehemu kubwa ya sumu.

HATUA YA 4: Hifadhi. Magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, paa lisivuje. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri sana sababu wadudu wanakosa oksijeni wanakufa, ila mahindi yawe yamekauka kweli kweli, ukifungia mabichi utakuja kufungua uozo.

MASWALI

Swali: Mkuu asante kwa somo. Yaliyoota ukungu nikiyaosha nikaanika upya si yanafaa?
Jibu: Hapana ndugu. Utaondoa ukungu wa juu, sumu imeshaingia ndani ya punje, na hapo umeongeza maji tena.

Swali: Basi niwape kuku na ng'ombe?
Jibu: Usifanye hivyo. Kuku wanadumaa na kupunguza kutaga, bata ndo hawavumilii kabisa, na ng'ombe akila inatokea kwenye maziwa, mtoto wako anakuja kuinywa. Yaliyooza yafukie mbali na mifugo.

Swali: Kukoboa kunasaidia?
Jibu: Kunapunguza, maana nyingi inakaa kwenye ganda na kiini. Haiishi yote. Na kumbuka iliyotoka imehamia kwenye pumba, watu wanaisahau hii wanalishia mifugo.

Swali: Nimetia dawa ya dumuzi, niko salama?
Jibu: Dawa ya wadudu haiui fangasi wala haiondoi sumu. Inasaidia kidogo kwa njia nyingine, wadudu wakiwa wengi wanatoboa punje na kuleta joto na unyevu gunia zima.

Swali: Nataka kupeleka maabara, nachota gunia la juu tu?
Jibu: Hapana dada, sumu haisambai sawa, gunia moja linaweza kuwa safi la pembeni yake limeharibika. Chota kwenye magunia mengi, juu katikati na chini, kilo kadhaa, changanya vizuri ndo utoe sampuli. Inapimwa kwa mikrogramu (gramu moja ukiigawa mara milioni) kwa kilo, kwa hiyo punje chache tu zinageuza majibu.

Swali: Mtu akishakula dalili zinakuwaje?
Jibu: Akila nyingi kwa mpigo anatapika, tumbo linauma au linajaa, macho yanakuwa ya njano, ini hilo. Muwahishe hospitali na ubebe kiasi cha hayo mahindi au unga, na wengine wote nyumbani waache kula leo leo. Ila ukila kidogo kidogo miaka mingi huoni dalili yoyote, ndo inakuja saratani ya ini, na mwenye homa ya ini B hatari kwake ni kubwa zaidi.